Visigino vya Mama Kwenye Lami

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi jirani yangu atausema, naye akisimulia huongeza chumvi. Nilizifukia nyayo za mama yangu chini ya lami mbichi. Hakuna aliyenilazimisha. Moto niliwasha mwenyewe, lami nilimwaga mwenyewe, kisha nikasimama pembeni, mikono kiunoni, nikijipongeza.

Sisi hapa Bunia lami tunaiita gudro. Mtaani kwetu njia ni za vumbi jekundu, ila kuna gudro moja: ile inayotoka kwenye lango letu hadi mlangoni pa nyumba. Mgeni akipotea wanamwambia, “Enda tu, utaona parseli ya gudro,” yaani kiwanja chenye lami. Barabara yenyewe, nje ya lango, haina lami hata ya kuonja. Gari likija kwetu linatoka mashimoni, linapanda lami, linatamba kidogo, na safari imekwisha.

Aliyeileta ni baba. Alikuwa dereva wa ule mtambo wa kushindilia barabara, wenye gurudumu la chuma, unaokwenda polepole hata kuku anapata muda wa kufikiri kabla ya kuvuka. Na mama alikuwa na jozi moja ya viatu vya kisigino kirefu, rangi ya divai, vya Jumapili tu. Wakati wa mvua alikuwa anavibeba mkononi, anatembea peku katika matope, na akifika karibu na kanisa anafuta miguu kwa kitambaa na kuvivaa. Baba aliona hivyo miaka mingi. Kazi ya barabara waliyokuwa wanatengeneza ilipomalizika, mkubwa wao alimruhusu kuchukua masalio ya lami yaliyoganda chini ya mapipa. Akayaleta kwa mkokoteni, akayayeyusha, akayatandaza jioni baada ya jioni, akiwa na jembe, koleo na uso wa mtu anayejenga kanisa kuu.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka misa saa sita, jua likiwa wima. Baba alikuwa ametuamuru wote tupite pembeni, kwenye majani. Sisi watoto tukapita pembeni. Mama akasimama langoni na viatu vyake vya divai.

“Gudro hii ulinitengenezea miye, ao ulijitengenezea weye?”

“Yako, mama. Lakini iko laini bado.”

“Kama iko yangu, napita.”

Akapita katikati, kichwa juu, bila kuharakisha. Visigino vilizama na kutoka, vilizama na kutoka, mpaka mlangoni. Baba alikuwa amefungua mdomo kukaripia, lakini kilichotoka ni kicheko. Alicheka hadi akashika ukuta. Nilimwona baadaye ameinama juu ya tundu la kwanza, anatia kidole ndani kupima kina chake. Akasema, “Barabara zote nilipitisha mashini, hakuna ata moja iko na alama ya mwenyewe. Hii musiiguse.”

Hatukugusa. Yalibaki matundu ishirini na mawili, na nakuhakikishia hesabu hiyo kwa sababu nililelewa nayo. Mvua ikinyesha yalijaa maji, yakawa vioo vidogo. Tulichezea gololi humo. Mdogo wangu alipanda punje ya mahindi katika tundu la tisa, ikaota, kuku akaila. Saa za jua kali lami ya kandokando ililainika, tukaibandua na kuviringa vidonge vyeusi vya kuchezea, na jioni mama alitupanga mstari na kutusugua nyayo kwa mafuta ya taa huku akituuliza kama sisi ni watoto ao ni matairi.

Naye jirani yetu, mama mmoja mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Butembo na familia yake, hakuchukua hata mwezi kugundua kwamba mihogo inakauka haraka zaidi juu ya gudro kuliko juu ya bati lake. Alikuja na beseni, akaanika, hakuomba ruhusa. “Jua ni ya Mungu,” alisema. Unga ukitoka kwenye kinu alituletea bakuli moja. Kwa hiyo nimekua nikila fufu, ugali wetu wa mihogo, yenye harufu ya barabara, na bado sijasafiri kwenda popote.

Hilo la kutosafiri ni kweli. Wenzangu wa darasani walikwenda Mambasa kutafuta mbao na dhahabu, wengine wakapitiliza hadi Kisangani. Mimi nilipata diploma yangu ya sekondari kwa asilimia hamsini na moja, ile moja ya juu ningali naishukuru, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo. Sijamaliza.

Baba alikufa. Hata lami nayo ilianza kuzeeka, kama vile ilikuwa inamsubiri. Ilipauka ikawa rangi ya majivu, ikapasuka, majani yakachomoza katika nyufa, na mbele ya mlango palifunguka shimo la kutosha kuogeshea bata. Matundu ya mama yalipanuka kingo, ukiwa mgeni ungedhani ni ubovu kama ubovu mwingine. Aibu yangu ni kwamba mimi si mgeni. Ila kitu ukikiruka kila asubuhi miaka yote, mguu unakikumbuka na kichwa kinakisahau.

Mama sasa ana magoti mabaya na anatembelea fimbo. Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, alijikwaa kwenye ule ufa wa katikati, na kama si ukuta angeanguka. Siku chache baadaye akaenda Mahagi kwa dada yangu mkubwa, aliyepata mjukuu. Nikajiambia: akirudi, atakuta gudro mpya. Hatajikwaa tena. Safari hii mtu wa nyumbani atafanya jambo, na atalifanyia hapo hapo nyumbani.

Lami niliipata kwa fundi mmoja wa Mudzipela aliyewahi kufanya kazi za barabara. Alinipa nusu pipa na masharti. Fagia mpaka vumbi liishe. Anza asubuhi na mapema. Yeyusha polepole, na ikiwa nzito ongeza mazutu kidogo, kidogo kabisa, maana dizeli ikizidi lami haigandi haraka. Ukimaliza kutandaza, mwaga kokoto na mchanga, shindilia. “Umeelewa, papa?” Nikamwambia nina diploma.

Nilianza saa nne, kwa sababu chai ilichelewa. Lami ilikuwa nzito kama deni la mahari na mikono yangu haina historia ya kazi, kwa hiyo niliongeza mazutu. Ikalainika kidogo. Nikaongeza tena. Ikawa nzuri, inateleza kama mawese, nikaitandaza kwa reki kutoka mlangoni hadi langoni, nikijaza nyufa, shimo la bata, na kila kitundu kilichonitazama. Mchanga sikumwaga. Ule weusi uliokuwa unang'aa ulinipendeza mno, nikaona mchanga utauchafua.

Hapo ndipo jirani alipotokea kwenye uzio wetu wa miti ya miyenzi na beseni lake la mihogo. Sasa ni mzee, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wa magoti. Aliifuata kazi yangu kwa macho kutoka langoni hadi mlangoni.

“Inang'aa,” alisema.

“Asante, mama.”

“Na matundu ya talo ya mama yako? Uliyaweka wapi?”

Talo ndiyo visigino. Niliangalia chini. Ilikuwa nyeusi, laini, tupu kama ubao wa shule siku ya kwanza. Nadhani hata jasho lilisimama.

“Eh!” jirani akasema taratibu. “Baba yako alikataza, na miye nilisikia na hii masikio. Mama yako anarudi siku gani?”

“Siku ya Posho.” Posho ndiyo Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

“Basi uko na siku mbili za kuishi.”

Nilichukua mwiko nikajaribu kuchimba. Kila nilipochimba, lami ilirudi yenyewe, imetulia, kama uji. Usiku sikulala vizuri. Mama hana picha ya baba iliyo nzima, ile ya harusi ililiwa na unyevu. Kaburi lake liko mbali na magoti yake. Alichobakiwa nacho cha siku ile, cha kushikika, ni matundu, na mimi nilimjazia kwa upendo.

Ijumaa nikapata wazo. Katika sanduku la mama nilikuta kiatu cha divai. Kimoja, cha kushoto. Cha kulia kilikwisha kuchukuliwa na panya, ao na historia. Nikapiga magoti juu ya ubao, nikaanza kupiga chapa: kisigino chini, vuta, hatua moja mbele, kisigino chini, vuta. Ishirini na mbili. Niliporudi nyuma kutazama, moyo uliruka. Yalikuwa pale!

“Weye,” sauti ikatoka kwenye miyenzi. “Mama yako alikuwa anaruka na muguu moja?”

Nikatazama tena. Matundu yote yalikuwa katika mstari mmoja ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

“Nitarekebisha, mama.”

“Usisumbuke. Angalia, iko najifunga yenyewe.”

Kweli. Jua lilikuwa limepanda, na lami yangu yenye mazutu mengi ilikuwa inayafumba matundu polepole, moja baada ya jingine, kama macho ya watu wanaosinzia kanisani. Kufika saa tisa hapakuwa na kitu. Nilikirudisha kiatu sandukuni kikiwa na kisigino cheusi. Hivyo nikawa nimeharibu vitu viwili, njia na kiatu.

Siku ya Posho, pikipiki ilimshusha mama langoni saa sita kasoro. Alikuwa na kifurushi cha samaki wakavu wa ziwani na fimbo yake. Nilikuwa nimepanga mbao pembeni, kwenye majani, kwa ajili ya kupita. Nilimpokea kifurushi, nikamuuliza habari za Mahagi, habari za mjukuu, habari za barabara, habari za vitu ambavyo sijawahi kuuliza maishani. Mama alikuwa anatazama chini.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu, mama. Ulijikwaa. Niliogopa utaanguka.”

“Yako wapi?”

Sikuuliza nini. Nilinyoosha mkono kuelekea katikati, ila kidole hakikujua pa kusimama. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Mama huwa anapiga kelele juu ya sufuria, juu ya kuku, juu ya serikali. Safari hii alivuta tu ncha ya kitambaa cha kichwani, akajifunika mdomo.

“Baba yako alitia kidole,” akasema. “Mu ile ya kwanza. Ulikuwa mudogo, haukumbuke.”

“Nakumbuka, mama.”

“Unakumbuka kisha unamwanga gudro.”

Nilihamishia samaki kwapani.

“Pita pembeni, mama,” nikasema. “Niliweka mbao. Iko laini bado.”

Alinigeukia. Sijui kama ni lile neno, laini. Alinitazama kama mtu aliyesikia hodi katika nyumba aliyodhani haina watu. Kisha akachomeka fimbo kwenye lami, mbele ya lango kabisa. Ilizama. Akaivuta. Pakabaki tundu la mviringo, dogo, la upana wa kisigino.

“Hii gudro iko ya nani?” akauliza.

“Yako, mama.”

“Basi napita.”

Akapita katikati. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kofi la hewani. Sendo zake za plastiki zilinata na kubanduka kwa sauti ya mtu anayemeza ugali wa moto. Hatua zilikuwa fupi, mguu mmoja ukiburuzwa kidogo, na kando ya kila hatua palikuwa na tundu la fimbo. Kichwa kilikuwa juu. Katikati ya safari sendo moja ilikataa kutoka, akasimama juu ya mguu mmoja ameegemea fimbo, akaivuta kwa vidole, ikatoka na uzi mrefu mweusi, na hapo nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka.

Mlangoni aligeuka kutazama njia yake. Yale matundu hayakuwa katika mstari mmoja. Yalikwenda yakiyumba, kama mtu wa kweli aliyetembea.

“Leta muchanga sasa, mbele gudro haijajifunga,” akaniamuru. “Mwanga kidogo kidogo, usifunike fasi ya kukanyanga. Na uniletee kiti.”

Nilikimbia, jambo ambalo si desturi yangu. Nikamwaga mchanga kwa mkono, nikizunguka kila unyayo na kila tundu, nimepiga magoti, huku mama amekaa kwenye kiti kivulini akinionyesha kwa fimbo pale niliporuka. Alikuwa bado hajavua sendo. Katika lile tundu la kwanza, karibu na lango, nilitia kidole kabla ya kuendelea. Kilifika hadi kwenye kiungo cha pili.

Jirani alikuwa amesimama kwenye miyenzi muda wote ule, beseni kiunoni. Alimwamkia mama, akaniangalia mimi na magoti yangu meusi, akasema:

“Bahati yako haujue kazi. Kama ungejua kazi, mama yako angepita hapa bila alama, sawa mugeni.”