Kitenge Katikati ya Boti

Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi wa kumenyea viazi. Siku tulipopeleka posa kwao Mgwashi, mimi kijana wa Shume, mkulima wa kabichi, wazee wangu walikuwa hawajamaliza hata salamu alipouliza mbele ya watu wote kama ile harufu ya kabichi ilikuwa inatoka kwenye mzigo au kwangu. Watu walicheka. Mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa bado binti wa watu, alicheka pia. Nikaliweka moyoni. Nilikaa nalo miaka kumi na tisa.

Sitaki mtu anionee huruma. Binti nilimwoa, watoto nikapata watatu, na mbuzi wa kuondoa soni nilitoa. Kwa asiyejua, kwetu Washambaa mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anachepukia migombani. Aibu hiyo ndiyo soni. Ukishatoa mbuzi inapungua, mnaweza kukaa sebule moja mkanywa chai. Vijana wengi siku hizi wala hawana habari na mbuzi. Mimi nilitoa beberu wa maana, akamla, akasema nyama ngumu.

Mumewe alikuwa seremala. Ujanani kanisa lilimtuma Ziwa Nyasa kupiga kenchi za paa la kanisa jipya, akakaa huko miezi, akarudi na hadithi moja. Alisema kuna ukuta wa mawe umesimama ndani ya maji, mrefu kuliko miti ya Shume, na una rangi. Juu mwekundu, katikati umepitiwa na mstari mweupe kama wa chokaa, na chini, pale mawimbi yanapogonga, kijani. Alimsimulia mkewe maisha yao yote, na mkewe maisha yao yote akamwita mwongo. Alimwita mwongo mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, mbele ya watoto. Alikuwa anamuuliza, nani alipanda kupaka chokaa huko? Mzee alikuwa anacheka tu. Wiki ya mwisho, akiwa kitandani, hakucheka. Alimwambia, "Mimi naondoka. Wewe nenda kaone."

Tangu mazishi yule mama hakulala vizuri. Mwaka ulipopinduka akasema anataka kwenda ziwani. "Kama upo, nitarudi nimwombe msamaha kaburini," alisema. "Kama haupo, basi nitajua nilikuwa na haki, nitalala." Hakuwa na safari nyingine kama hiyo miguuni mwake, na sote tulijua. Tukapanda basi watatu, yeye, mke wangu na mimi, siku mbili barabarani, tukafika tumevimba miguu.

Asubuhi yake tukapata boti ya kutembeza wageni. Ilikuwa na paa la turubai juu ya nguzo, na mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Nahodha alitupanga kwa uzito, mama mkwe peke yake benchi la kulia, mimi na mke wangu la kushoto, akasema tukishaondoka asihame mtu. Ukuta ungekuwa kushoto. Kwa hiyo sisi ndio tungegeuza shingo, na mama angeutazama ana kwa ana, amekaa kwa raha zake.

Nahodha akaanza kutuvalisha majaketi ya kuokolea. Alipofika kwangu mama akamwambia, "Huyo mfunge vizuri, mwanangu. Kwao maji wanayaona kwenye sufuria. Akianguka ataelea tu kama kabichi." Nahodha akacheka. Mke wangu akacheka, kicheko kilekile cha siku ya posa.

Nikainama kwa adabu zote. Nikasema, "Mama, nisamehe, lakini hapa tumekaa tunatazamana, magoti karibu yagusane, na kuna mtu baki. Mimi naona soni."

"Soni gani tena?" mke wangu akauliza. "Si ulishatoa mbuzi?"

"Mbuzi ni wa nyumbani. Hapa tuko ugenini," nikamjibu. Nikamwambia amwombe mama kitenge alichojifunika, kile kirefu, tukitundike katikati.

Sasa angefanya nini? Mama wa Kishambaa hawezi kuikataa heshima ya mkwe wake. Angekataa angeonekana yeye ndiye hana adabu, mbele ya bintiye na mbele ya mgeni. Alinitazama, akaelewa kila kitu, ninaapa alielewa, akakivua kitenge akampa binti yake. Nilikifunga mwenyewe, ncha moja nguzo ya mbele, nyingine ya nyuma, nikakivuta mpaka kikanyooka. Nilifurahi. Sisemi uongo, nilifurahi mpaka nikasikia njaa.

"Tukirudi utakuwa upande wako, mama," mke wangu alisema, akielekeza sauti nyuma ya kitambaa. "Utageuka tu, utauona wote." Na mimi nikajisemea hivyohivyo. Tukirudi ataona, kosa liko wapi?

Hatukwenda mbali mke wangu akaanza kutapika. Akalaza kichwa ukingoni, macho kayafumba, akabaki anaomba Mungu. Tulipozunguka rasi, ukuta ukatokea. Nilikuwa nimejiandaa kuona mawe. Lakini mzee hakuongeza hata rangi moja. Juu mwekundu, ule wekundu wa kuta za udongo za barabara yetu ya kupanda Lushoto baada ya mvua. Chini kijani, kibichi kabisa. Na katikati ule mstari mweupe ulionyooka, fundi angeweza kuupigia kenchi. Nikatoa simu, nikaupa mgongo, nikajipiga picha tano na uso wangu.

Nahodha akapunguza injini ili tutazame. Ndipo mama akaita.

"Mkwe."

Hajawahi kuniita kwa upole ule, si kabla wala baada.

"Naam, mama."

"Ukuta upo?"

"Upo, mama."

"Na ule mstari mweupe?"

Nilikuwa nautazama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lisingenipunguzia kitu. Lakini kitenge kilikuwa kinapepea mbele yangu, na nyuma yake kulikuwa na mwanamke aliyenicheka miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananihitaji. Utamu wake sikuwahi kuujua.

"Hakuna mstari, mama," nikasema. "Ni mawe tu. Kijivu tupu."

Nilidhani atapiga kigelegele kwamba ameshinda. Akasema tu, "Basi kweli alinidanganya." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili.

Kurudi, upepo ukaamka. Nahodha akasema hasogelei mawe kwa mawimbi yale, akakata katikati ya ziwa, mbali. Upande wa mama ulikuwa ni ukungu wa maji tu. Gatini nahodha akamuuliza, "Mama, umeuonaje ukuta wetu?" Naye, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, akajibu, "Nimeuona, baba. Asante."

Tulipofika nyumbani akaacha kwenda kaburini. Alikuwa amepanga kulijengea kwa saruji, akaghairi. Aliwaambia wanawe kwamba mwongo hajengewi. Majani yakaota mpaka msalaba ukazama, watu wakitoka kanisani wanaliona, na mimi nikilipita kila nikienda Mgwashi nageuza uso. Ngojeni, msiseme. Najua. Ningeweza kusema siku yoyote, na kila siku ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Mke wangu ndiye aliyezikuta zile picha, siku moja tuko palepale Mgwashi, akitafuta picha ya mtoto kwenye simu yangu. Mimi nilikuwa barazani nakunywa chai. Hakunifokea. Alipita mbele yangu akaingia ndani, nikamsikia anamwambia mama yake, "Huyu hapa mbele nimemziba kwa kidole. Tazama nyuma yake."

Chai ilipoa mkononi. Kisha mama akatoka, kanga kajifunika uso wote, akanipita bila neno, akaenda moja kwa moja kaburini. Aling'oa majani kwa mikono mpaka jua likazama. Tulimsikia anaongea na mumewe, na sauti ikipasuka. Binti yake alipotaka kumsaidia, alimfukuza.

Aliporudi alisimama nje ya mlango, mgongo kanipa, akamwambia binti yake, "Mwambie mumeo mbuzi wake atamfuata."

"Mbuzi gani, mama?"

"Wa soni. Aliirudisha mwenyewe kule kwenye boti."

Mbuzi alikuja Shume juu ya lori la mbao, beberu mnene kuliko wangu. Hapo ndipo nilipolia, chooni, watoto wasinione.

Sasa nikienda Mgwashi kile kitenge kimetundikwa mlangoni pa sebule yake. Mimi hukaa barazani, yeye ndani. Naamkia, "Shikamoo, mama," naye huitikia marahaba kwa sauti safi kabisa. Majirani wanamsifu kwamba amebaki mmoja anayejua heshima ya mkwe. Huko ndani huwasimulia wajukuu juu ya ukuta wa babu yao, mwekundu, mweupe, kijani, na kaburi limeshajengwa.

Majuzi mtoto wangu mdogo alitoka akaniuliza, "Baba, wewe ulifika. Ni kweli ule ukuta una mstari mweupe?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi yake akamwita kutoka nyuma ya kitenge.

"Usimsumbue baba yako. Yeye aliona kijivu tupu."