CD Iliyopakwa Mawese

Zéphyrin alizaliwa katika msitu wa Walikale, wakati mtu alikuwa bado anaitwa kwa ngoma. Si hizi ngoma za ngozi zinazochezewa harusini. Ilikuwa gogo zima la mti mwekundu, limechimbwa tumbo kupitia mdomo mwembamba, na mpigaji wake alikuwa baba yake, Gustave. Asubuhi za ukungu Gustave alikaa nyuma ya gogo lile na virungu vyake viwili, na mtu aliyekuwa shambani ng'ambo ya mto alisikia jina lake, akaweka panga chini, akarudi nyumbani. Hakukosea, maana jina lake halikuwa la mwingine. Kila mtoto alipigiwa lake siku mama yake alipomtoa nje mara ya kwanza kuona jua. Kichwa cha jina kilikuwa cha mtoto mwenyewe, kilitungwa na babu yake. Mkia ulikuwa wa nyumba nzima, na haukubadilishwa hata pigo moja. Bila mkia, jina lilibaki wazi. Mtoto alisikika, lakini hakujulikana anatoka kwa nani.

Siku hizi mtu anaitwa kwa simu. Simu ikiisha moto wa betri, na mtu naye amekwisha.

Zéphyrin hakurithi mikono ya baba yake. Yeye alipenda mbwa. Aliwafunga kengele za mbao shingoni, akaingia nao msituni, na kwa mlio wa kengele tu alijua kama mbwa amepata nyayo au amezipoteza. Gustave alikufa kitandani mwake, kama watu walivyokufa zamani. Halafu vita vikafika, kijiji kikachomwa, na gogo likaungua pamoja na nyumba. Zéphyrin akatembea na binti yake mdogo, Falone, mpaka kambi ya wakimbizi ya Kashuga, huko Masisi. Akajifunza kulima maharagwe kwenye vilima vilivyonyolewa miti, katika shamba la watu wengine. Mbwa hakufuga tena. Kambini mbwa angekula nini?

Kitu kimoja tu cha baba yake kilitoka naye: CD. Mgeni mmoja aliyepita vijijini akikusanya milio ya ngoma aliwahi kumrekodi Gustave, na baadaye akatuma CD hiyo kwa njia ya parokia. Zéphyrin hakuwahi kuisikiliza. Kijijini hapakuwa na mashine ya kuifungua, na alipofika Kashuga, penye mashine, aliiogopa. Gogo ambalo watu wazima hawakuweza kuliinua lingekaaje ndani ya kitu chembamba kama jani? Aliifunga kwa kitambaa, akaichomeka pembeni chini ya paa, mahali moshi haufiki sana, na kila mvua zilipoanza aliishusha, akaitunza kama alivyoona baba yake akitunza gogo.

Ndipo Falone, aliyekuwa sasa mwanamke mzima, akajifungua mtoto wa kike.

Kichwa cha jina Zéphyrin alikipata upesi. Mkia ndio uliomkimbia. Aliugonga kwa vidole juu ya bidon, dumu tupu la plastiki: pigo la juu, la juu tena, la chini, kisha vidole vikasimama hewani. Aliwatafuta wazee wa kwao waliobaki kambini. Mmoja alikuwa amekwenda Hombo, mwingine alimwambia kwamba mambo ya gogo aliyaacha siku aliyobatizwa. Falone, ndani ya nyumba na mtoto akingoja jina, alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Papa, nimechoka na moshi. Mutoto naye anakohoa. Kesho ninamutoa inje, jina ao hapana jina."

"Ungoje kidogo, mama."

"Kesho, Papa."

Basi Zéphyrin akashusha kitambaa chake, akaenda kwa Fifi.

Fifi alikuwa mwanamke kijana mwenye nyumba ya mbao kando ya barabara. Hapo alitoa fotokopi, alichapisha picha na kuchaji simu za watu kwa jua. Ordinateri yake, yaani kompyuta, ilikuwa ya zamani, ya mezani, na kwa sababu hiyo ilikuwa bado na mdomo wa kumeza CD. Prince, mwendesha pikipiki, alikuwa amekaa mlangoni akingoja simu yake ijae.

"Papa Zéphyrin," Prince alisema alipoona kitambaa kinafunguliwa, "ile kitu iko ya wakati gani? Watu tunatia muziki mu simu!"

"Baba yangu hayuko mu simu yako."

"Ako mu CD?"

"Tunaenda kuona."

Fifi aliingiza CD. Mashine ikanguruma, ikasita, ikanguruma tena, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba haioni kitu. Fifi akatoa CD, akaingiza nyingine ya picha za harusi. Ikafunguka mara moja. Akaingiza CD ya kwaya ya parokia, aliyoijua ni nzima. Mashine ikaikataa nayo.

"Ona, Papa. Picha inafungua, muziki inakataa. Basi si CD yako peke yake. Mashine pia iko na ugonjwa."

"Kwa nini ikubali picha?"

"Picha inaweza kungoja. Mashine ikikosa mahali, inarudia, inarudia mpaka isome. Muziki hauna kungoja."

Zéphyrin alilielewa jambo hilo kuliko Fifi alivyodhani. Mnyama aliyesimama unaweza kumtazama mara mbili. Anayekimbia hakupi nafasi hiyo.

Fifi alizima mashine, akafungua mbavu zake, akatoa kile kisanduku cha kumeza CD na kukifungua kifuniko. Ndani palikuwa na jicho, kioo kidogo kama tone la umande, limefunikwa na vumbi jekundu la barabara na masizi ya majiko ya jirani. Zéphyrin aliinama, akaacha kupumua ili asilichafue zaidi.

"Hilo ndilo linasikia?"

"Linaona, Papa. Linatoa mwanga ambao macho yetu hayaoni. Chini ya CD kuna alama ndogo sana, zimepangwa mustari mumoja unaozunguka, toka katikati mpaka pembeni. Jicho linafuata."

"Linafuata nyayo," alisema Zéphyrin taratibu.

"Ndiyo, njo vile."

Akatazama lile tone la kioo kama alivyotazama zamani pua ya mbwa bora. Kumbe baba yake alipita hapo, na nyayo zake zilikuwa bado chini! Fifi alilowesha pamba kwa alkoli, akalipangusa jicho kwa mkono mwepesi, akarudisha kila kitu mahali pake. CD ya kwaya ikaimba. Prince akapiga makofi. Zéphyrin akafanya ishara ya msalaba.

Lakini yake ikakataa tena.

Fifi akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akaisugua kwa kidole. Akanusa kidole.

"Papa! Hii CD iko na mafuta ya mawese!"

"Ndiyo. Kila mwanzo wa mvua ninaipaka."

"Unaipaka?"

"Gogo lisipopakwa linapasuka. Baba hakusahau hata mwaka mumoja. Na mimi sikusahau."

Prince alicheka mpaka kofia ya pikipiki ikamtoka magotini. "Papa amepika CD! Inabakia majani ya sombe tu!" Fifi naye alianza kucheka, akauona uso wa mzee, akanyamaza. Zéphyrin alikuwa ameshika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa heshima yote, alikuwa akimziba baba yake mdomo.

"Nimemuua?" aliuliza.

"Hatujui bado. Prince, wacha kucheka, leta maji ya vuguvugu toka kwa jirani."

Prince akaleta beseni. Fifi akatia sabuni, akaizamisha CD, akaanza kuipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, hakuzungusha kamwe. Maji yakawa ya njano, yakatoa harufu ya jikoni la Walikale. Tabaka baada ya tabaka, mvua baada ya mvua, mafuta yakaachia. Fifi alipoiinua ikitiririka maji, rangi zote za upinde wa mvua zilikimbia juu yake, na Prince akasogea karibu kuitazama.

Wakaikausha. Mashine ikaimeza. Ikanguruma, ikasita.

Kwanza ukaja mchakacho, kama mvua iliyo bado upande wa pili wa kilima. Kisha mtu akakohoa. Kisha, kwa lugha ya kwao, sauti ya Gustave ikauliza kwa ukali wake wa kila siku:

"Zéphyrin, umefunga mbwa?"

Mzee akasimama wima.

"Nimewafunga, Papa," ikajibu sauti ya kijana, na Zéphyrin akageuka kumtafuta kijana huyo mlangoni kabla hajatambua ni nani. Hapo hapo, mbali, ndani ya ile CD, kengele ya mbao ikalia: ko, ko, ko.

"Nini, Papa?" Fifi aliuliza, maana mzee alikuwa akicheka na machozi yanamshuka.

"Nilimudanganya. Kuna jike moja sikulifunga. Linapita kule, munalisikia? Linapita nyuma ya nyumba!"

Nyumba ile ilikuwa majivu, na jike lile mifupa, na msitu wenyewe sasa una wenye bunduki waliougawana kama mkate. Lakini lilikuwa linapita. Kisha gogo likaanza kusema. Likasema katika spika mbili ndogo kuliko vikombe vya chai, na hata hivyo ubao wa meza ukatetemeka chini ya viganja vya Zéphyrin. Gustave aliita ndugu zake mmoja mmoja, kila mmoja na kichwa chake, na nyuma ya kila kichwa mkia ule ule ukaja, mzima, bila haraka. Pigo la juu, la juu tena, la chini. Na pale alipokuwa akipotea siku zote, baba yake akaendelea.

"Rudisha," alisema. Fifi akarudisha. Mtu aliyekuja kutoa fotokopi aliambiwa kwa mkono angoje, akangoja. Walirudisha mpaka vidole vya mzee vikaenda sambamba na spika, kisha Fifi akazima sauti bila kumwambia, na vidole vikafika mwisho vyenyewe.

Kesho yake asubuhi Falone alitoka na mtoto. Gogo halikuwepo, na mti wa kuchonga lingine Kashuga haupo. Zéphyrin aligeuza bidon, akakaa nyuma yake na vijiti viwili, akapiga kichwa cha jina, akalifunga kwa mkia. Mtoto alifumbua macho, akayafumba kwa jua.

Jirani zao wakatoka mbio katika vibanda, vitambaa vya kichwa mikononi. Siku hizi wanasikia ngoma ya namna ile kwenye kilio tu.

"Ni nani amekufa?" wakauliza.

"Hakuna aliyekufa," alisema Zéphyrin, na vijiti bado mikononi. "Tumemuita muntu."

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, ili wasikie vizuri ni nani.