Sanamu Ilipopita Mlangoni

Kila Oktoba, mwezi wa rozari, Wakatoliki wa jumuiya moja ndogo kule Tandale walikuwa na desturi ya kuitembeza sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba. Jioni walisali kwenye nyumba moja, sanamu ikalala hapo, na kesho yake mwenye nyumba aliibeba mwenyewe kuipeleka kwa jirani anayefuata, wenzake wakimsindikiza kwa nyimbo. Genoveva aliipenda desturi hiyo kuliko hata Krismasi. Siku ya zamu yake alipiga deki mpaka uani, akatandika kitambaa cheupe alichokidarizi kabla hajaolewa, na hata mwanawe wa pekee, Avelina, hakuruhusiwa kukigusa.

Alitoka Bukoba na mumewe, Audax, aliyekuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, Audax alikuwa wa mwanzo kutolewa. Akakaa nyumbani akila mawazo mpaka presha ikamchukua. Genoveva alizika, akalia, akaanza kuuza ndizi sokoni, na imani yake haikutikisika hata kidogo. Watu walimsifu sana kwa hilo. Ukweli ni kwamba ilikuwa bado haijaguswa penyewe.

Penyewe palikuwa Avelina. Binti alikuwa mchangamfu, mwenye meza yake ya mitumba na mdomo wa kumuuzia mtu sweta kwenye joto la Dar. Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaanza kukonda. Kikohozi, homa, mkanda wa jeshi ubavuni. Hospitali walimwambia mama kwa sauti ya chini, mtaani wakasema kwa sauti ya juu kwamba mtoto wa Genoveva kakanyaga waya, kapata UKIMWI. Wateja wa mama wakamhama, kana kwamba ugonjwa ule hukaa kwenye maganda ya ndizi.

Oktoba ilipofika Avelina hakuweza tena kuinuka. Alikuwa na ombi moja tu, sanamu ile ilale chumbani mwake. Kila jioni alisikiliza nyimbo zikitoka nyumba moja kwenda nyingine.

"Mama, leo yuko kwa nani?"

"Kwa Anjelina. Kesho anakuja kwetu."

Anjelina alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa kuombana chumvi tangu watoto wao wako mgongoni.

Kesho yake Genoveva alimwogesha binti, akabadilisha shuka, akatandika kitambaa na kuwasha mshumaa. Wimbo ukaanzia kwa Anjelina, ukatoka nje, ukaja. Genoveva alisimama mlangoni, khanga kaifunga vizuri, mikono tayari kupokea. Anjelina akapita mbele yake na sanamu kifuani, macho chini. Wengine wakamfuata wakiimba. Nikodemu, mwenyekiti wa jumuiya, alichelewa kidogo ili amnong'oneze.

"Mama Avelina, tumeona tusimchoshe mgonjwa."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa waoga tu, na mwoga akishika rozari anabaki kuwa mwoga. Lakini mle ndani Avelina alikuwa ameusikia wimbo ukija, na akausikia ukienda.

"Labda wamesahau, mama."

"Wamesahau, mwanangu."

Genoveva alitoka uani, akaitia rozari yake ndani ya kopo tupu la maziwa, akafunika. Halafu akamsema Mungu. Alimsema kama anavyosemwa mchuuzi aliyekuuzia maharage yenye kokoto, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, bila heshima yoyote. Mwanaasha, mwenye nyumba wao, Mwislamu mzawa wa mji, alimkuta hapo.

"Mie sala zenu sizijui," alisema Mwanaasha, "ila kukaa na mgonjwa najua." Akaingia, akamshika Avelina mkono mpaka akasinzia.

Avelina alikufa kabla Oktoba haijaisha. Msibani jumuiya nzima ilikuja, pamoja na sanamu, wakaiweka kichwani mwa jeneza. Genoveva alitamani kuwaambia watoke nayo. Akaiacha ikae hapo.

Miezi ikapita bila rozari. Kila alfajiri akielekea sokoni alikuwa anagombana na Mungu tu. Siku moja, akichambua ndizi zilizoiva, akagundua kwamba katika ugomvi wote huo hajawahi kudhani kuwa anayemgombeza hayupo. Akalia palepale mbele ya wateja wachache waliobaki. Jioni ile alilifunua kopo, akaitoa rozari. Maneno aliyokuwa akiyatiririsha zamani sasa aliyasema polepole, na kila alipofika penye "sasa na saa ya kufa kwetu" alisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Oktoba nyingine ikaja. Nyumba ya Genoveva haikuwa tena na mgonjwa, kwa hiyo hakuna aliyesita, sanamu ikaletwa na kulala chumbani kwa Avelina. Iliyofuata ilikuwa nyumba ya Mzee Gregori, fundi viatu, ambaye siku hizo alikuwa amekonda na ana kikohozi kilekile. Mchana Nikodemu alipita.

"Mama Avelina, jioni unyooshe mpaka nyumba ya mbele yake, kwa Chausiku. Mzee Gregori tumeona apumzike."

"Nimesikia, mwenyekiti."

Jioni aliibeba, kitambaa cheupe kakikunja kwapani, wenzake nyuma wakiimba. Alipofika mlangoni kwa Gregori, akageuka akaingia. Wimbo nyuma yake ukakatika sauti moja moja.

Mzee alikuwa anahangaika kuinuka kitandani. "Nilisikia mnakuja," alisema, "nikajua mtapita."

"Shikamoo, Mzee. Tumefika."

Alitandika kitambaa juu ya kigoda cha kushonea viatu, akaiweka sanamu, akapiga magoti mkekani. Nje watu walisita. Nikodemu akarudi nyumbani kwake. Kisha mtu mmoja akaingia. Alikuwa Anjelina, uso umelowa.

"Nisamehe, Mama Avelina."

Genoveva alimsogezea nafasi kwenye mkeka, akaanza kusali, na machozi yakamtoka mpaka Gregori akalazimika kuishika sala na kuiendeleza kwa sauti yake mbovu. Genoveva alilia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Ilikuwa ni kugeuza mguu tu mlangoni, na mwaka jana hakuna aliyeugeuza.