Kuku Waliovaa Soksi

Mama alikuja kukaa nami kwangu Nawoitorong, pembezoni mwa mji, baada ya mbuzi wake wa mwisho kufa. Alishuka kwenye lori akiwa na kibuyu cha maziwa kilichokauka na furushi dogo la nguo. Asubuhi nilikuwa nikimwacha ameketi chini ya mwarobaini uani, naenda shuleni ninakofundisha, na nikirudi mchana namkuta palepale, macho yameelekea langoni. Nikimsalimu kwa Kiturkana, "Ejoka?" anajibu, "Ejok," kisha ananyamaza. Hakuwahi kulalamika. Ningefurahi kama angelalamika.

Mbuzi nisingeweza kumletea. Ua wangu ni mdogo na malisho hakuna. Lakini nilipokwenda Kakuma kwa semina ya walimu, nilimwona kambini mkimbizi mmoja Mkongomani anayefuga kuku wa Brahma wa mbegu safi, wakubwa, waliojaa manyoya miguuni hadi vidoleni. Nikachagua mitetea wanne wa miezi mitatu.

"Watataga lini?" nilimwuliza.

"Dada, bale kuku habana mbio," alisema. "Kwanza mwili, mayai nyuma. Miezi saba. Pengine nane. Joto ndiyo adui yao, weka kivuli na maji."

Nilipowafikisha nyumbani ndani ya boksi, Mama alilizunguka mara mbili, akachungulia ndani. Waturkana wa rika lake hawahesabu kuku kuwa mifugo. Alinyoosha kidole.

"Hawa wamevaa soksi," alisema. "Kwenye joto hili?"

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu aje. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta sufuria, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Tuliwajengea kibanda kwa fito za mathenge, ule mti wa miiba uliozagaa huku, na paa la makuti ya mkoma. Kwanza niliwalisha mimi. Baada ya wiki nikakuta Mama amenitangulia: ameshawasagia vichwa vya samaki, amelowesha magunia na kuyatundika ukutani ili upepo uingie ukiwa baridi. Saa saba mchana, kuku wanapohema midomo wazi, alikaa nao akiwanyunyizia maji miguuni. Nilimsikia akiongea nao taratibu, kwa sauti ileile aliyowaongelesha nayo mbuzi nilipokuwa mtoto.

Kuku wakafikisha umri wa miezi saba. Hakuna yai. Kila nilipotoka shuleni nilipitia kwanza kwenye kiota, katoni ya sabuni tuliyoijaza nyasi, na kila siku zilikuwa nyasi tu. Jirani yangu, Msomali mwenye duka la nguo, aliniuliza kupitia ukuta, "Mwalimu, hao kuku wako ni wa kutaga au wa kupigwa picha?" Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Nilimwona Mama akiinuka asubuhi na mapema kwenda kuchungulia, kisha anarudi polepole. Nilifikiri: nimemletea tena kitu cha kumsikitisha.

Walipokaribia kumaliza mwezi wa nane, nilifanya jambo la kijinga. Nilinunua yai dukani nikaliweka kiotani. Nilijiambia ni la kuwashawishi kuku, maana wafugaji hufanya hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka Mama alikute.

Alilikuta. Aliniletea kwenye kiganja na kuliweka mezani mbele yangu.

"Hili ni la dukani," alisema. "Limepoa, na lina alama ya trei. Unanidanganya kama mtoto?"

Nikakiri: "Nilikuona unasubiri sana, Mama."

Alikaa kwenye kiti, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Kusubiri hakuniumizi," alisema. "Kilichoniumiza ni kuamka na kukosa cha kusubiri."

Ndipo akanisimulia. Jinsi mbuzi walivyoanguka mmoja mmoja njiani kwenda kisimani, jinsi alivyombeba yule wa mwisho mgongoni hadi akahisi mbuzi amekuwa mzito kwa namna nyingine, na jinsi alivyoendelea kumbeba hata hivyo. Nilimshika mkono. Kisha nikainuka kuchemsha chai.

Siku chache baadaye alimkamata kuku mmoja, akampapasa nyuma, kati ya mifupa ya nyonga. "Huyu amefunguka," alisema. "Ni kesho au kesho kutwa." Niliguna. Yeye na kuku wapi na wapi! Lakini mwili wa jike ni mwili wa jike, na Mama alikuwa amewazalisha mbuzi maisha yake yote.

Siku mbili baadaye, nikiwa nafungua lango, nilimsikia akiniita kwa jina langu la utotoni. Yai lilikuwa dogo, la kahawia, na doa la damu kwenye ganda. Bado lilikuwa na joto. Alinifumbatisha mikononi, akaifunika kwa mikono yake, tukasimama hivyo kwenye jua kama watu waliopotea. Kisha akaniambia nilichemshe. Hakuwa amewahi kula yai. Alilitafuna polepole, akatafakari, akasema lilihitaji chumvi.

Kufikia mwisho wa mwezi wote wanne walikuwa wakitaga, na Mama alikuwa na neno jipya.

"Jogoo," alisema. "Bila jogoo tutakula mayai, lakini hatutakuwa na kundi."

Jumamosi tukaenda Kakuma. Yule Mkongomani alimchagulia jogoo mkubwa kuliko wote. "Mama, kamata ule mukubwa."

Mama hakumtazama jogoo huyo. Alimnyanyua mwingine, akamfungua bawa, akamchungulia macho. "Ile kubwa inajua kula tu," alimwambia kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka hii."

Yule bwana alicheka, akakubali kwamba hata yeye angemchukua huyohuyo.

Njia nzima Mama alimpakata jogoo, huku akinieleza vifaranga watakaa upande gani wa ua, wapi upepo unapita, nani atawalinda na mwewe nikiwa shuleni. Sikumkatiza hata mara moja.