Vigingi vya Mnyaa

Baba alizikwa zizini, kama desturi yetu Wasukuma kwa mwenye kaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja wapimaji wa reli ya kwenda Geita kwenye dhahabu, na mstari wao ukapita katikati ya zizi letu. Vibarua walikata vigingi vya mnyaa mbichi kwenye uzio wetu wenyewe, wakapigilia kimoja juu ya kaburi. Tukaamriwa tuhame, eti treni itapita kiangazi kijacho. Tukahamia ng'ambo ya mbuga.

Treni haikuja. Mara mataruma ya reli yamekwama bandarini, mara mvua, mara idhini kutoka Ulaya. Uongo mtupu! Mnyaa ukichomekwa ardhini haungoji idhini ya mtu. Vigingi vilichipua, vikawa mstari wa miti ulionyooka mpaka macho yanapokoma.

Jioni moja mama alisimama mlangoni akauliza, "Mnaisikia?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuna treni. Kisha nikawaona ng'ombe wetu waliokuwa wakila kando ya ile miti. Walikuwa wameacha kula, wamejitenga pande mbili za mstari, wameipisha njia.