Sentensi Aliyoiondoa

Jamaa wa saiba, duka la intaneti, hapa Lanet husahihisha maandishi ambayo hakuna aliyemtuma kusahihisha. Ni miongozo ya programu inayotumika kuweka na kuondoa programu nyingine kwenye kompyuta, na watu wa nchi nyingi huisoma mtandaoni. Nikimpelekea mitihani ya wanafunzi wangu aichapishe, namkuta ameinama, kidole kikifuata mstari kwenye skrini, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Akiona nukta imekosekana huguna, hurekebisha, hutuma, kisha hunywa chai iliyokwisha poa. Hapendi jambo lisemwe mara mbili.

Siku ya Jumanne, Cheruto, muuguzi wa kliniki ya mtaa wetu, aliingia amekumbatia laptopu. "Boss, rekodi za chanjo za watoto zimepotea zote. Nilifuata maelezo vile yameandikwa, nikaondoa programu ya zamani."

"Na hukunakili data kwanza?"

"Hakuna mahali wamesema!"

Jamaa alicheka kidogo, akafungua ukurasa wa kuondoa programu amwonyeshe. Kicheko kikamkauka. Onyo la kunakili data lilibaki kwenye ukurasa wa kwanza tu, ambao Cheruto hakuusoma. Kwenye ukurasa huu alikuwa ameliondoa yeye mwenyewe mwezi jana, akiona limerudiwa bure.

"Ni mimi niliyeliondoa, sista," alisema kwa sauti nisiyoijua.

Nilitarajia aombe msamaha, lakini alivuta kibodi, akaanza kuliandika tena lile onyo.

"Na watoto wangu?" Cheruto akauliza.

"Ngoja kidogo. Kuna mtu mwingine anasoma hii saa hii."