Zdravka na Msichana wa Mundu

Zdravka alikuwa mpishi wa chekechea mjini Ruse, na kwa upawa wake hakuna mtoto aliyewahi kupata nyama zaidi ya mwenzake. Wazazi walimletea maua, chokoleti, hata mvinyo wa nyumbani, ili upawa uzame zaidi sahani ya mtoto wao ikifika. Maua aliyatia kwenye jagi, chokoleti akala, mvinyo akanywa, na upawa ukabaki palepale. Ni sifa njema, sikatai. Lakini kwenye simu ilimponza.

Maana wanawake wote wa jengo lao walikuwa wamehamia kwenye mchezo wa kadi wa simu. Unaingia na kadi zako tano, kila kadi ni mpiganaji, mnazichapanisha na za wengine. Vita vyenyewe vilikuwa kisingizio tu. Uhondo ulikuwa kwenye gumzo la kikosi: nani kaachwa, nani katundika mapazia ya aibu, binti wa nani karudi kutoka Ujerumani na mume asiyekula vitunguu. Tangu mumewe Zdravka afariki, gumzo hilo ndilo lililomfanya aone siku ina watu ndani yake. Sasa alikuwa karibu kulikosa. Kapteni wa kikosi, wifi yake Tsonka, alikuwa ametoa amri kwamba Jumapili, baada ya vita na jengo la ng'ambo ya barabara, atakayeshika mkia kwa mapigo anatolewa.

"Wifi, usinichukie," Tsonka alimwambia kwenye ngazi, "lakini kadi zako zinapiga kama zinabembeleza mtoto alale."

"Zinajitahidi, jamani."

"Zinajitahidi kufa! Jumapili, wifi. Wa mwisho nje, hata awe ndugu."

Na mkia ulikuwa wa Zdravka kila wiki. Kila aliposhinda mawe ya nguvu, aliyagawa kama mchuzi: jiwe kwa babu mpiga mishale, jiwe kwa dubu, kwa mganga, kwa mpiga ngoma, kwa msichana wa mundu, kisha anarudi kwa babu. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyeweza kuua hata nzi.

Jumamosi walikuwa nyuma ya jengo wakichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, kila mmoja na jiko lake la umeme, lile dogo la duara lenye shimo katikati. Kando ya Zdravka alikaa Velichka, daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, mwenye mdomo usio na ganzi. Mchezo aliujua kuliko wote, ila alikuwa mgeni kikosini na mawe yake yalikuwa machache.

"Hebu lete simu," alisema. Akatazama, akashika kichwa. "Mama yangu! Umewapa wote sawasawa?"

"Ningemnyima nani?"

"Wanne wote, umpe mmoja!"

"Velichka, una roho mbaya wewe."

"Nina roho ya kung'oa meno. Sikiliza, shoga. Jiko lako linaingia pilipili ngapi?"

"Moja. Mbili zikiwa nyembamba."

"Na moto huo ungeugawia ndoo nzima kwa mpigo, ungepata nini?"

"Pilipili vuguvugu zisizomenyeka."

"Basi ndicho kikosi chako hicho."

Hapo Zdravka alielewa, na hakufurahi kuelewa.

Velichka akaanza kumpanga. Msichana wa mundu ndiye mwenye shambulizi kubwa, basi mawe yote yaende kwake. Kwanza ya kupiga, kisha ya mbio, ili awahi kabla adui hajainua mkono. Mpiga ngoma abaki, kwa kuwa ngoma yake humwongezea makali. Dubu akae mbele ale vipigo.

"Na mganga wangu?"

"Mweke pembeni. Mganga anarefusha vita, na huyu msichana hana mwili wa vita virefu. Apige, amalize, arudi nyumbani."

Mchezo uliruhusu kuwavua wapiganaji mawe yao. Zdravka alimvua babu mpiga mishale huku akisema kwa sauti, "Nisamehe, babu, nimeamrishwa," mpaka pilipili ikaungua ndani ya jiko na Velichka akacheka hadi akakohoa.

Jumapili baada ya chakula vita vikaanza. Dubu alianguka mapema, na Zdravka akapiga ukunga uliowatoa majirani kwenye roshani. Lakini ngoma ikalia, msichana akaruka, na jengo la ng'ambo likafyekwa kama majani. Matokeo yakaja: Zdravka karibu na kilele. Pongezi zikamiminika. Akashusha orodha kwa kidole, kwa furaha ya mtu aliyepona, aone nani kashika mkia.

Velichka.

"Amri ni amri," Tsonka aliandika. "Pole, daktari." Jina likafutika, na wenzake wakarudi kwenye mapazia.

Basi Velichka alijua. Pale nyuma ya jengo, masizi yamempanda hadi viwikoni, alijua kwamba akimwinua Zdravka, anayebaki chini ni yeye, na bado alimwinua. Zdravka aliona aibu, kisha akaona hasira, na hakujua amkasirikie nani. Gumzo lilikuwa likimsifu yeye. Hakulisoma. Alibonyeza kujitoa. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, akaiambia isimsumbue.

Akapanda ghorofa ya tatu na sahani ya pilipili zenye kitunguu saumu. Velichka alifungua akiwa na kandambili, simu mkononi.

"Umejitoa? Una wazimu! Jana nzima nimefundisha ukuta?"

"Tunaanzisha kikosi chetu."

"Cha watu wawili? Kila wiki mmoja wetu atashika mkia."

"Tutapokezana," alisema Zdravka, akaingia ndani kutafuta uma.